She Loves You: kodi za gita ni zilezile, mbona haifanani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Bendi yetu ina vijana wanne, tunapiga kwenye maharusi na hotelini. Mzee mmoja ametuomba She Loves You ya Beatles. Kodi tumezitoa mtandaoni, gita na besi viko sawa, lakini tukianza kuimba wimbo unapwaya, unakuwa kama wa watoto. Tunakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kodi sina ugomvi nazo, isipokuwa moja nitakayoifikia. Shida iko kwenye sauti. Bila shaka mmoja wenu anashika melodi na mwingine anampandia juu, wanakwenda sambamba mwanzo hadi mwisho. John Lennon na Paul McCartney, waimbaji wa Beatles, hawakuimba hivyo.

Sikilizeni kwanza wimbo wao Please Please Me, waliourekodi Novemba 1962. Mstari wa kwanza wote wawili wanaanzia do ya juu. John anashuka na melodi. Paul anagoma, anabaki palepale kwenye do. Kadiri John anavyoteremka, nafasi kati yao inapanuka, na sikio linakaa roho juu. Ujanja huo waliuokota kwa Everly Brothers, ndugu wawili waimbaji wa Marekani, kwenye wimbo Cathy's Clown wa mwaka 1960. Wezi wazuri, hawa!

Kwenye She Loves You, ya 1963, kuna mahali wanaimba sauti moja kabisa, halafu ghafla inapasuka kuwa mbili. Mkijaza sauti ya pili kila mahali, mpasuko huo mmeufuta wenyewe.

Sasa ile kodi. Neno la mwisho kabisa si G ya kawaida. G ikiwa do, kodi hiyo ni do, mi, so na la, na hiyo la inaimbwa na mwenzao George Harrison. Prodyuza wao, George Martin, aliona ni mambo ya kizamani, ya enzi za Glenn Miller, kiongozi wa bendi ya dansi ya Marekani ya zamani. Wakaing'ang'ania. Nahisi kwenu hakuna anayeiimba.

Ili msikie nani anaimba nini, tafuteni albamu yao ya kwanza katika stereo. Nyimbo 10 kati ya 14 zilirekodiwa siku moja, tarehe 11 Februari 1963, pale Abbey Road, kwa mashine ya treki mbili tu: ala huku, sauti kule. Chomoeni spika ya kushoto, na wimbo wa humo There's a Place utabaki karibu sauti tupu. She Loves You yenyewe haikutoka katika stereo ya kweli enzi hizo, kwa hiyo anzeni na albamu hiyo.

Mkishamaliza, wekeni ala chini, msogee kwenye maiki moja. Anayewazidi wenzake kwa sauti arudi nyuma hatua moja, msiguse mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Ile la mpeni mwenye sauti nyembamba zaidi, na aishike mpaka wenzake wote wamenyamaza ndipo apumue.