Nilimrudisha mwari wangu kwa mumewe alfajiri

Mimi ni somo hapa Tanga. Nimekaa ndani na wari miaka mingi, Ngamiani na Makorora, na siku hizi hata kwenye kicheni pati za kumbini, nikiwafunza usafi, unyumba na kauli njema. Kila mara nilifunga kwa funzo nililopewa na somo wangu: ya chumbani hayatoki nje. Funika kombe mwanaharamu apite.

Mwari mmoja alilishika funzo hilo miaka mitatu. Usiku aliponigongea, kanga ilikuwa imemzunguka shingoni na sauti imemkauka kama mwenye mafua. Nilimpa chai, nikamuuliza, "Ulimfanya nini?" Alfajiri nikamshika mkono, nikamrudisha mimi mwenyewe. Mumewe alinishukuru sana.

Swali lile linaniuma hadi leo. Mtoto kakabwa koo, mimi natafuta kosa lake.

Hili la koo naomba mlishike kuliko yote. Aliyekabwa anaweza kuwa hana alama hata moja nje, huku ndani ameumia, na hali ikambadilikia baada ya saa kadhaa au siku. Sauti ikikwaruza, akimeza kwa shida, au macho yakiwa na wekundu wa damu, apelekwe hospitali usiku huohuo. Tena kukabwa ni dalili ya linalokuja. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzake ana hatari ya karibu mara 7 zaidi ya kuuawa na mtu huyohuyo. Ndiko nilikomrudisha mwanangu.

Wapo wanaosema haya ni ya uswahilini, ya watu wasiosoma. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kuwa karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu, wengi wao na mwenza wao. Umoja wa Mataifa ukakadiria kuwa mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 waliuawa na wenza au ndugu zao, wastani wa 140 kila siku. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki Paris mwezi Agosti 2024. Wiki chache baadaye, nyumbani kwake Trans Nzoia, Kenya, mwanaume waliyekwisha kuachana alimmwagia petroli akamchoma moto. Alifariki Septemba 5. Alikuwa na mbio, alikuwa na jina, na alikuwa amekwisha kuondoka kwa mtu yule.

Ndiyo maana simuulizi tena mwanamke, "Mbona huondoki?" Kuondoka ndio wakati wa hatari kubwa, kwa kuwa mpigaji anaona mamlaka yanamponyoka. Basi kuondoka kupangwe kimyakimya. Kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto na nauli vikae kwa mtu mmoja anayeaminika. Picha za majeraha zihifadhiwe kwenye simu ya mtu huyo, zake zifutwe. Asimtishie mume kwamba anaondoka, aondoke.

Na majirani wawe na neno. Mwari wangu mwingine alikubaliana na jirani yake: mtoto akitumwa kuazima mbuzi ya nazi baada ya isha, jirani anakuja na watu wawili watatu, anabisha hodi, anaomba chumvi, anakaa. (Chagueni neno lenu, hili nimeshalitoa hadharani.) Kubisha hodi si umbea. Kule Kampala, mitaa iliyoendesha programu ya SASA!, ambayo huwatumia wakazi wenyewe kuzungumza na wenzao, ilionekana kuwa na kipigo cha wenza pungufu kwa takriban nusu kuliko mitaa mingine.

Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Huko ndiko inakopatikana PF3, fomu ambayo daktari huijaza na mahakama huisoma. Hali ikiwa mbaya, hospitali kwanza, fomu itafuata. Mwari wangu alipokwenda mara ya kwanza aliambiwa akayamalize nyumbani. Mara ya pili tulikwenda wanne, akaandikiwa. Msimwache mtu aende peke yake. Walioko Kenya wana namba 1195, haina malipo.

Sheria nayo nilikuwa siijui. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Na anayehofia kutoka mikono mitupu kwa sababu hakuajiriwa popote, ajue kuwa Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kufua na kulea kunahesabika.

Siku hizi naanza mbali zaidi, kabla ya kofi la kwanza. Mchumba anayetaka namba ya siri ya simu yako, anayenuna ukienda kwa mama, anayesema acha kazi nitakulisha kisha anakuhesabia shilingi ya nauli, huyo nawaambia wasimwite mwenye wivu wa mapenzi. Anakufungia njia moja moja.

Mwari wangu nilimwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia, "Somo, mimi nilikuja kwako kwa sababu kwa mama nilijua nitarudishwa."

Jumamosi hii nina mwari Chumbageni. Mama yake amenipigia, anaomba niyaache mambo ya polisi nisije nikamtia bintiye mkosi. Nimemjibu nitayafundisha yote, na yeye akae ndani asikilize, kwa kuwa mlango wa kwanza kugongwa usiku ni wake.