Swali la lugha: klasi zilizopo, zilizoko au zilizomo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ni mwanafunzi hapa Dodoma. Mimi na wenzangu tunatengeneza gemu la mkulima wa zabibu wa Hombolo, tunatumia Unity, programu ya kutengenezea gemu. Kwenye maelezo ya kodi (maandishi ya programu) niliandika "klasi zilizoko katika neimspesi ya Soko"; klasi ni kipande cha kodi kinachoeleza aina ya kitu, neimspesi ni jina la kundi la klasi. Mwenzangu akafuta, akaweka "zilizopo". Mwingine anashikilia "zilizomo". Nani kapatia? Tena, ni neimspesi hii au hili?

JIBU: Marahaba. Kapatia wa tatu, wa "zilizomo".

Po ni ya mahali mahususi: maduka yaliyopo pale stendi. Ko ni ya mahali pasipobainishwa: sijui mizigo iliko. Mo ni ya ndani: zabibu zilizomo kwenye kreti. Neimspesi hufunguliwa na kufungwa kwa mabano, na klasi zinaandikwa humo humo. Najua "zilizopo" siku hizi imemeza zote, hata magazetini, na kwenye maongezi simkamati mtu kwa hilo. Lakini anayesoma maelezo ya kodi yuko mbioni kutafuta kitu, usimzungushe.

Hasa kwa sababu neimspesi si folda. Katika C#, lugha ya kuandikia kodi ya Unity, klasi za neimspesi moja zinaweza kutawanyika kwenye folda kadhaa na kodi ikafanya kazi vilevile. Basi andika: "Klasi Mteja imo katika neimspesi ya Soko, faili lake lipo kwenye folda ya Wahusika." Faili nalo ungeweza kusema limo, ila hapo unaelekeza tu pa kulipata, po inatosha.

Mtakutana pia na Random, klasi ya kutoa namba za kubahatisha. Imo moja katika neimspesi ya System, nyingine katika ya UnityEngine, na ukiziita neimspesi zote mbili juu ya faili kisha ukaandika Random peke yake, kompaila, programu inayotafsiri kodi kwa kompyuta, itagoma maana haijui unataka ipi. Kwenye kodi utaandika UnityEngine.Random. Kwenye maelezo sema "Random ya UnityEngine" na yaishe. Kihusishi cha -a kinatosha, "iliyomo" hapo ni kurefusha safari.

Ngeli: neimspesi hii, neimspesi hizi, kama programu. "Hili" si dhambi, mbona tunasema faili hili, ila wingi utakudai "maneimspesi", na mimi ulimi wangu unakataa.

Na hukuliuliza, lakini nimeliona kwenye sentensi uliyoambatisha: "katika foldani". Chagua moja, "katika folda" au "foldani".