Kipoza-maji cha prosesa: rejeta ikae wapi, na waya wa pampu uchomekwe wapi

Muulizaji ana kasha la kompyuta lenye nafasi ya rejeta (sehemu yenye feni inayopoza maji) ya milimita 240 juu na mbele, na prosesa ya AMD ya soketi ya AM5. Anataka kujua kama anaweza kufunga kipoza-maji, yaani kifaa kinachopoza prosesa kwa maji, mwenyewe bila fundi, na kama rejeta ikae juu au mbele. Nimekwisha kufunga vitatu kwa mikono yangu, na cha kwanza nilikifunga vibaya, kwa hiyo mengi nitakayoyaeleza yametokana na hicho cha kwanza.

Hofu ya maji iweke kando. Vipoza-maji vya aina hii hutoka kiwandani vikiwa vimejazwa na kuzibwa, nawe humimini wala hufungui kitu chochote. Kazi yote ni ya bisibisi, nyaya na vipimo. Kwenye vipimo ndiko wengi wanakokwama. Rejeta za kawaida zina unene wa milimita 27 na feni zake milimita 25, yaani milimita 52 kwa jumla, na zikifungwa juu huweza kugota kwenye RAM ndefu au kwenye vile vipande vya alumini vilivyo ukingoni mwa ubao mama. Chukua rula upime nafasi hiyo kabla ya kununua, si baada.

Kuhusu mahali, mimi huchagua juu. Ndani ya mzunguko wa maji huwamo hewa kidogo tangu mwanzo, na kadiri miaka inavyopita huongezeka, kwa sababu maji hupenya taratibu mno kwenye kuta za mipira inayopitisha maji kati ya pampu na rejeta. Hewa hiyo hutafuta sehemu iliyo juu kuliko zote. Rejeta ikiwa juu ya kasha, hewa hutulia ndani ya rejeta na haimsumbui mtu. Ikiwa mbele, hakikisha ncha yake ya juu imeipita kwa kimo pampu, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye prosesa, na kama mipira inafika, ielekeze itokee upande wa chini wa rejeta. Nisichoshauri kabisa ni kuifunga kwenye sakafu ya kasha, kwa kuwa hapo pampu ndiyo inayokuwa kileleni, hewa hukusanyika ndani yake, na kelele za kubugujika huanza. Ni kweli kwamba rejeta ya mbele huvuta hewa baridi ya nje na prosesa hupoa zaidi kidogo, lakini joto lake hupulizwa kuelekea kadi ya grafiki. Kwa mtu anayecheza michezo mizito sioni faida yake.

Kwa AM5, kibao cha chuma kilicho nyuma ya ubao mama kiache mahali pake. Utafungua skrubu nne tu na kuondoa vishikio viwili vya plastiki vya mbele, kisha utafunga vishikio vilivyokuja na kipoza-maji. Feni zifunge kwenye rejeta kabla hujaiingiza ndani ya kasha, na uangalie skrubu kwa makini: ndefu hupita kwenye feni, fupi hushika rejeta kwenye kasha. Skrubu ndefu ikiingizwa mahali pa fupi huweza kutoboa njia za maji, na hapo hakuna la kufanya ila kununua kingine. Hewa ya feni hutokea upande ule wenye vile vijiti vinavyoshikilia mota, basi kwa rejeta ya juu upande huo utazame nje.

Bamba la shaba linalogusa prosesa huja na karatasi ya plastiki inayong'aa, ambayo ni lazima ibanduliwe. Baadhi ya mabamba huwa yamepakwa pasta ya kupitisha joto tayari. Kama lako halina, tone la ukubwa wa kitufe kidogo cha shati katikati ya prosesa linatosha. Kaza skrubu kwa mkingamo, mizunguko miwili hapa, miwili pembe ya pili, hadi zote zigote.

Sasa nieleze kilichonikuta. Waya wa pampu niliuchomeka kwenye plagi ya feni za kasha iliyokuwa karibu, pale ukingoni mwa ubao, kwa sababu tu ndiyo waya ulipofika bila kuvutwa. Kompyuta ikiwa haina kazi ilikaa kwenye nyuzi 45 na nikaridhika. Nilipoanza kuchakata video, haikutimia dakika moja ikafika nyuzi 95 na prosesa ikaanza kujipunguzia kasi. Nilifungua, nikasafisha, nikapaka pasta upya, nikarudia tena usiku uliofuata, hali ikawa ileile. Mwishowe nikashika mipira: mmoja ulikuwa wa moto kiasi cha kukataza mkono, wa pili ulikuwa baridi, na rejeta nayo baridi ilhali feni zinavuma. Mzunguko ulio hai hauko hivyo. Mipira yote miwili hukaribiana sana kwa joto. Ile plagi ilikuwa imewekewa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya ubao mama) kasi ya chini ili feni zisipige kelele, kwa hiyo pampu ilikuwa inasuasua. Nilihamishia waya kwenye plagi yenye maandishi AIO_PUMP, nikaiweka kasi ya juu muda wote, na kazi ileile ya video ikaishia nyuzi 74.

Feni za rejeta zichomeke kwenye CPU_FAN. Plagi hiyo ikiwa tupu, ubao mama mwingi hugoma kuwaka kikamilifu na kulalamika kwamba feni ya prosesa haipo. Pampu nyingine huchukua umeme wa SATA, yaani waya utokao kwenye pawasaplai, moja kwa moja, basi soma kijitabu chake kwanza.

Ukiwasha mara ya kwanza, ingia BIOS na ukae humo dakika kumi ukitazama joto. Likipanda mfululizo bila kutulia, zima mara moja. Sauti ya maji kwa saa chache za mwanzo ni ya kawaida. Ikizidi siku kadhaa, au joto likikataa kushuka, shika mipira kabla ya kugusa pasta, kisha utuandikie ulivyoikuta.