Fungua programu ya kodi mwaka ukiwa bado haujaisha

Wengi wetu tunaoishi Marekani huifungua programu ya kodi mara moja kwa mwaka. W-2, hati ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, ikifika tunajaza, tunatuma, tunasubiri marejesho. Kufikia wakati huo karibu kila kitu kimeshaamuliwa: mapato yameingia, hisa zimeuzwa au hazijauzwa, na tarehe 31 Desemba imepita. Programu inakueleza tu yaliyokwisha kutokea. Ninachokusihi ni uitumie programu hiyohiyo kuanzia Oktoba, kuiuliza maswali ya "je, nikifanya hivi?" wakati jibu bado linaweza kukusaidia.

Mimi natumia toleo linalosakinishwa kwenye kompyuta, si lile la mtandaoni. La mtandaoni mara nyingi hukupa ritani (fomu za kodi za mwaka mmoja) moja kwa akaunti, na kuchezea namba za ritani unayokusudia kuituma ni hatari. Kwenye kompyuta nanakili faili la mwaka uliopita, nakala naipa jina JARIBIO kwa herufi kubwa ili isichanganywe na ritani halisi, kisha najaza makadirio ya mwaka huu kutoka hati ya mshahara ya karibuni. Hiyo inakuwa hali ya msingi. Baada ya hapo nabadilisha kitu kimoja tu, naandika matokeo, narudisha kama kilivyokuwa, ndipo nagusa kingine. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kimeleta nafuu na kipi kimekula nafuu hiyo.

Usiangalie ile namba kubwa ya marejesho inayopanda na kushuka juu ya skrini. Marejesho yanategemea pia kiasi ulichokatwa kwenye mshahara, na mtu anaweza kurudishiwa fedha nyingi huku kodi yake ikiwa kubwa. Angalia jumla ya kodi, mstari wa 24 wa Fomu 1040, ile fomu kuu ya kodi ya mapato. Isipokuwa kama unapata nafuu ambazo serikali hukulipa hata kodi yako ikifika sifuri, kama ile ya wafanyakazi wa kipato cha chini: hizo huhesabiwa baada ya mstari huo, kwa hiyo hapo linganisha marejesho, ila namba ya kodi iliyokatwa kwenye mshahara usiiguse kabisa.

Thamani ya kazi hii niliiona vizuri kwa mdogo wangu na mkewe. Hawakuwa na watoto, na pato lao la mwaka 2024 baada ya marekebisho, lile la mstari wa 11, lilikuwa dola 46,400. Mdogo wangu alikuwa ameweka dola 2,000 kwenye 401(k), mpango wa akiba ya kustaafu wa kazini. Kuna nafuu ya kodi kwa wanaojiwekea akiba ya kustaafu, inayohesabiwa kwenye Fomu 8880, na wengi wanaostahili hata hawajui kwamba ipo. Kwa wanandoa wanaojaza pamoja, mwaka 2024, pato lisilozidi dola 46,000 lilikupa asilimia 50 ya akiba uliyoweka. Likizidi hapo hadi dola 50,000, asilimia inaporomoka hadi 20. Hakuna mteremko katikati. Wao walikuwa wamevuka mpaka kwa dola 400, kwa hiyo nafuu yao ilikuwa dola 400 badala ya 1,000.

Tulikuwa tumeshaingia Machi 2025, lakini mlango mmoja ulikuwa bado wazi: mchango wa IRA ya kawaida (akaunti binafsi ya akiba ya kustaafu, ambayo kwao mchango wake hupunguza pato) unaweza kuwekwa hadi tarehe 15 Aprili na ukahesabiwa kwa mwaka uliopita. Nikajaribu dola 500 kwenye IRA ya mdogo wangu. Pato likashuka hadi 45,900, nafuu ikapanda hadi dola 1,000, na jumla ya kodi ikapungua kwa dola 650. Yaani wanaweka dola 500 zinazobaki kuwa zao, na kodi inashuka kwa zaidi ya kiasi walichoweka.

Mkewe alikuwa amekaa pembeni akifuatilia. Akauliza, "Shemeji, na hiyo mia tano tukiiweka kwa jina langu, inakuwaje?"

Nikaihamisha. Kodi ikapungua kwa dola 900. Sababu ni kwamba akiba inayohesabiwa ina kikomo cha dola 2,000 kwa kila mtu. Mume alikuwa ameshafika kikomo, mke hakuwa ameanza. Kanuni hiyo imeandikwa wazi kwenye maelekezo ya fomu, lakini nani hukaa kuyasoma usiku akitoka kazini? Swali lake lilichukua nusu dakika kujaribiwa na likaongeza dola 250. Ndiyo maana napenda wenye ritani wakae nami tunapojaribu. Wao ndio wanaojua maisha yao, na maswali mazuri hutoka kwao.

Jaribio ninalolirudia kuliko yote ni la kuongeza dola 1,000 ya mapato na kutazama kodi inapanda kiasi gani. Watu hutaja ngazi yao ya kodi, "mimi niko asilimia 12", wakidhani dola inayofuata itakatwa asilimia 12. Mara nyingi sivyo. Shangazi yangu ni mjane, anapokea Social Security, yaani malipo ya uzeeni ya serikali, na pensheni ndogo, na alitaka kutoa fedha kwenye IRA, ambazo zikitolewa huhesabiwa kama mapato, atengeneze paa la nyumba. Alikuwa akijiuliza kama atoe zote Desemba au agawe, nusu Desemba na nusu Januari. Kwenye jaribio, dola 1,000 ya kwanza ilipandisha kodi kwa dola 222, wakati ngazi yake ni asilimia 12 kweli.

Kilichotokea ni hiki. Kadiri mapato mengine yanavyoongezeka, sehemu ya Social Security nayo inavutwa kuingia kwenye kodi, hadi kikomo cha asilimia 85. Kwa mtu asiye na mwenzi, vizingiti ni dola 25,000 na 34,000, na havijawahi kupandishwa kufuata mfumuko wa bei tangu viwekwe. Akiwa juu ya kizingiti cha pili, kila dola anayotoa inaburuta senti 85 za Social Security, kwa hiyo anatozwa kama aliyepata dola 1.85. Kikomo cha asilimia 85 kikishafikiwa, mzigo huo unakwisha na dola inayofuata inarudi kutozwa asilimia 12. Nilipoijaribu miaka yote miwili, nafuu kwake ilikuwa kuzitoa zote mwaka mmoja, kinyume na ushauri aliokuwa akipewa na kila mtu. Kwa mwingine jibu linaweza kugeuka, kwa sababu fedha zikizidi sana zinampeleka ngazi ya asilimia 22. Ndiyo maana najaribu badala ya kubahatisha.

Kama unafikiria kuhamisha fedha kutoka IRA ya kawaida kwenda Roth (IRA ambayo kodi hulipwa fedha zikiingia, si zikitoka), tafadhali lijaribu hilo kwanza kabla ya mengine yote. Tangu 2018 uhamisho huo ukishafanyika haurudishwi.

Kuna udhaifu mmoja unaopaswa kuuzingatia sana. Programu inajua sheria ya mwaka wake tu. Oktoba utakuwa unatumia ya mwaka uliopita, kwa sababu mpya huanza kutoka karibu na mwisho wa mwaka. Kwa kawaida tofauti ni ndogo, vikomo vikipandishwa kidogo kufuata bei. Lakini aliyepanga mambo ya 2025 kwa programu ya 2024 alikosa mengi: sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ilipandisha makato ya kawaida (sehemu ya pato isiyotozwa kodi) ya wanandoa hadi dola 31,500, ikaongeza makato ya hadi dola 6,000 kwa kila mwenye miaka 65 na zaidi, kwa masharti ya kipato. Hata ule mpaka wa dola 46,000 ulisogea hadi 47,500. Kwa hiyo jaribio la Oktoba likuonyeshe mwelekeo, na ukiwa karibu na mpaka wowote usitoe fedha wala kuuza kitu mpaka ulirudie kwenye toleo jipya. Angalia na kodi ya jimbo lako, kwani kuna majimbo yasiyofuata kanuni za serikali kuu.

Kama shida yako ni kukatwa kidogo au kupita kiasi kwenye mshahara tu, huna haja ya haya yote. Kikokotoo cha bure kwenye tovuti ya IRS, idara ya kodi ya serikali kuu, kitakusaidia kujaza W-4, fomu inayomwambia mwajiri akukate kiasi gani.

Ukishapata jibu, usingoje wiki ya mwisho ya Desemba. Kampuni zinazotunza IRA huelemewa na maombi wakati huo, na ombi likikamilika Januari linahesabiwa kwa mwaka mpya. Mimi huwaambia ndugu zangu wapeleke maagizo kabla ya tarehe 15 Desemba, kisha wafungue akaunti kuhakikisha kwamba fedha zimehama.