Anzia mezani, moto utasubiri

Wageni wa kazi hii ya kugeuza taka za plastiki za hospitali kuwa mafuta karibu wote huniuliza habari za moto: mtungi uwe wa chuma gani, nyuzi joto ngapi, mafuta lita ngapi. Mimi huwapeleka kwanza kwenye meza ya kuchambulia. Pairolisisi, yaani huko kugeuza plastiki kuwa mafuta kwa joto, yenyewe haina uchawi. Plastiki hupashwa ndani ya mtungi usio na hewa hadi nyuzi 400 au 500 za Selsiasi, molekuli zake ndefu zinakatika, mvuke unapita kwenye kipoozeo na kuwa mafuta. Kazi huharibiwa na ulichotia ndani.

Taka ya hospitali isifike mezani kabla ya kupita kwenye otoklevu, yaani mashine ya mvuke wa nyuzi 121 au zaidi. Hapo vijidudu hufa, lakini dawa za saratani haziondoki, kwa hiyo mifuko na mirija iliyozibeba usiipokee kabisa. Masanduku ya sindano nayo usiyafungue kwa tamaa ya plastiki yake.

Mali yako ni mabomba ya sirinji, ambayo ni polipropilini, na chupa laini za polithini. Adui ni PVC, plastiki yenye klorini ndani yake: mifuko ya damu, mifuko mingi ya dripu, na mirija. Ikifika nyuzi 250 hivi huanza kutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi inayokula chuma. Sehemu ya klorini hiyo huingia kwenye mafuta, na huko ni shida kuitoa.

Kutenganisha, tumia maji. Polipropilini na polithini huelea, PVC huzama. Ila katakata kwanza! Mfuko wa PVC wenye hewa ndani utaelea vizuri tu na kukudanganya. Kipande ukikitilia shaka, chukua waya wa shaba, upashe hadi uwe mwekundu, uguse plastiki, kisha urudishe kwenye moto. Mwali wa kijani maana yake kuna klorini. Fanyia mahali penye hewa ya kutosha, moshi wake si wa kuvuta.

Glovu za nitraili zina naitrojeni na zinaweza kutoa gesi ya sayanaidi. Ziache. Plastiki iliyobaki ikaushe, maji ndani ya mtungi huongeza mgandamizo bure.

Polithini hutoa nta nyingi inayoganda, kwa hiyo kipoozeo kikiwa baridi mno kitaziba, na kikiziba mtungi unajaa mgandamizo. Tazama geji, usitazame ndoo ya mafuta. Gesi isiyogeuka kuwa mafuta hufaa kupashia mtungi wenyewe, ila ipitishe kwanza kwenye maji ili mwali usirudi nyuma.

Mafuta yakitoka usiyatie kwenye gari la mtu. Yamechanganyika, mepesi yake yanashika moto kama petroli, na bila kuyatenganisha kwa kuyachemsha ni ya tanuri tu. Mtungi nao usiufungue ukiwa moto, kwani mkaa uliobaki chini unaweza kuwaka mara tu hewa inapoingia.