Baba amekataa mashine, kaka zangu wanalazimisha

Pole sana, dada. Baba ana saratani iliyosambaa, akili zake timamu, amekataa mashine ya kupumulia, na kaka zako wanaona kumsikiliza ni kumuua. Hapana, ugonjwa ndio unaomwondoa. Mgonjwa anayejielewa ana haki ya kukataa tiba.

Nilimuuguza mama, najua mvutano huo. Kaeni wote na daktari, baba aseme mwenyewe, iandikwe kwenye faili. Ombeni tiba shufaa (huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso) sasa, msingoje siku za mwisho: utafiti wa Marekani wa 2010 ulionyesha wagonjwa wa saratani ya mapafu walioipata mapema waliishi muda mrefu zaidi. Midomo ikikauka, mloweshe kwa pamba yenye maji. Maumivu yakizidi, mpigieni daktari. Akipewa mofini, dawa kali ya maumivu, dozi yake msiibadilishe wenyewe.