Mkuu weka hicho kitunguu chini kwanza

Nimesoma swali lako mara mbili shingo ikaanza kuniwasha yenyewe. Unasema wiki tatu zilizopita shemeji aling'atwa na nyuki mmoja tu kwenye kidole, dakika kumi baadaye akatoka mabaka tumbo zima na mapajani, mdomo wa chini ukavimba, akatapika, mkampa Piriton na kumpaka kitunguu, akalala akaamka mzima. Halafu unauliza kati ya kitunguu, magadi na dawa ya meno kipi kikae kabatini, alama ya nyuki na ya nyigu zinatofautianaje, na hao nyigu waliojenga darini uwatoe vipi. Yaani habari yenyewe umeipita kama daladala iliyojaa inavyopita kituo. Kidole ndicho kiling'atwa, tumbo na mdomo vinahusikaje hapo?? Alipona kwa bahati, kitunguu kimekula sifa za bure.

Najua kwa sababu hiyo bahati mimi niliipata pia, na ninavyojua mimi haina mkataba.

Nilikuwa na mizinga kumi na miwili huko Sikonge, Tabora, na mwaka wa kwanza, 2017, nyuki wawili walinipata kifundoni. Mguu uliuma kawaida tu ila nikatoka mabaka kwapani na mgongoni, masikio yakawaka moto, jioni yakaisha. Nikajisifu kabisa kwamba sasa nimekuwa mfugaji. Kabla ya hapo tulishalipa elfu ishirini kila mtu kwa semina ya jamaa mmoja anayejiita mtaalamu, ana fulana yenye picha ya nyuki kifuani kama timu ya mpira, akatuambia ukipata mabaka ni dalili mwili unajenga kinga, ung'atwe zaidi utazoea. Akachora na ubaoni, sumu ya nyuki ni asidi paka magadi, ya nyigu ni alikali paka siki. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga hadi viganja vikauma, sasa fikiria.

Hii hadithi ya asidi na alikali bado inanichemsha mpaka leo. Ile sumu ni mchanganyiko wa protini, na nyuki haimwagi juu ya ngozi kama maziwa, anaipiga ndani kama sindano. Wewe juu unapaka magadi, limao, majivu, Colgate, ni sawa na kupiga deki sebuleni wakati bomba limepasuka ndani ya ukuta. Na kuna watu wanazoea kweli, wale wazee wa mizinga ya magogo wanang'atwa kumi wanaendelea na stori, lakini kuna wengine mwili unakwenda upande wa pili kabisa, wakikutana tena na ile sumu unaweza kupandwa na wazimu zaidi. Huyo wa fulana hakutuambia kuna makundi mawili, na mimi nilikuwa nimeshatoka mabaka, ushahidi uko mgongoni mwangu!

Basi Julai 2018 tunarina asali, jioni, zipu ya wavu wa kichwani sikuifunga vizuri. Nyuki MMOJA akaingia akanipata chini ya sikio. Nikatoka pembeni nikauparua ule mwiba kwa kucha, hapo angalau nilifanya sawa maana mwiba unabaki na kifuko chake na kinaendelea kusukuma sumu, hivyo utoe hata kwa kucha hata kwa kadi ya benki, wahi tu, usiende kutafuta kibano nyumba ya tatu. Nikakaa kwenye gogo. Wenzangu wakafanya kikao. Mmoja kaleta kitunguu, mwingine magadi, wa tatu akasema mafuta ya taa, wa nne alishaanza kufungua zipu anasema mkojo wa mwanaume ndiyo kiboko, nikamwambia kaka afadhali nife. Nikakaa pale nimebandikwa kitunguu shingoni, nanukia kachumbari, na kila mtu anaangalia SHINGO. Imevimba? Haijavimba sana. Basi dawa inafanya kazi.

Wakati huohuo nyayo na viganja vilikuwa vinawasha ajabu, sikusema. Tumbo likaanza kukata nikajua ni yale maharage. Sauti ikawa nzito wakanicheka eti nimebalehe tena. Kama dakika arobaini ziliondoka hivyo mkuu, ARUBAINI, zahanati iko mwendo wa dakika ishirini na tano kwa bodaboda. Nilipoona kifua kinabana na natoa mlio kama filimbi ndiyo nikasimama nitembee kwenye pikipiki, hatua tatu nikaanguka. Kilichofuata nimesimuliwa. Wakanipiga mshikaki, dereva mbele, mimi katikati kama gunia, mwingine nyuma ananishikilia nisidondoke.

Nesi alinichoma adrenalini, ile sindano ya dharura ya aleji kali, kwenye paja, pembeni hapa, juu ya misuli. Baada ya dakika chache nikaanza kuona watu, moyo unadunda kama ngoma ya harusi. Halafu nikatukanwa vizuri sana, nikiwa bado na kitunguu kimenasa kwenye kola. Akatuambia mtu wa hivyo presha imeshuka, alazwe chali miguu iinuliwe, asisimamishwe wala kutembezwa, kama anahema kwa shida sana mwacheni akae ila asisimame, na mtafute gari siyo mshikaki. Na Piriton inapunguza muwasho na mabaka tu, haifungui koo wala haipandishi presha, halafu inachelewa. Hawakuniruhusu usiku ule kwa sababu ile hali inaweza kurudi tena masaa kadhaa baadaye hata kama umeshajisikia vizuri.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nimeilipia: USIANGALIE PALIPOUMWA, ANGALIA KWINGINE. Ameumwa mkono, mkono umevimba hadi kiwiko, unawasha, unauma siku tatu, sawa, inasumbua ila hapo ndiyo uwanja wa tiba zenu za nyumbani. Sabuni na maji, barafu kwenye kitambaa, Panadol, cetirizine kama unawasha, vua pete mapema kabla kidole hakijawa muhogo. Ukitaka kuongeza kitunguu ongeza, harufu ni yako, ila mafuta ya taa yanababua ngozi na limao ukitoka nalo juani unaweza kuungua ukabaki na doa jeusi. Lakini akiumwa mkono na kitu chochote kikatokea mbali na mkono, mabaka tumboni, mdomo, ulimi, sauti, kifua, kutapika, kizunguzungu, kabati lifunge. Hakuna cha kupaka. Ni kuwahi penye adrenalini na ni sasa hivi, usisubiri uone kama itatulia. Hata asiye na aleji akishambuliwa na kundi zima akang'atwa mara hamsini au mia apelekwe tu, sumu nyingi inaweza kuua figo. Na aliyeng'atwa ndani ya mdomo, zile za nyuki kuzama kwenye soda, naye apelekwe.

Shemeji ameshaonyesha mabaka, mdomo na kutapika kwa nyuki mmoja. Huyo siyo mtu wa kumwekea kitunguu kabatini, ni mtu wa kupelekwa kwa daktari akiwa mzima amevaa vizuri, aelezee kilichotokea, wapange akiumwa tena mnafanya nini. Na tafadhali asipande darini yeye. Mimi mizinga nilimuuzia shemeji yangu, asali nanunua kama watu wengine.

Nyuki na nyigu: nyuki anaacha mwiba, nyigu anaondoka nao na anaweza kukurudia. Aleji haijali.

Kesho asubuhi nenda zahanati ya hapo mtaani kwenu uulize kama adrenalini ipo na usiku nani anakuwepo wa kuichoma. Mimi mwaka mzima nilikuwa naipita ile zahanati na pikipiki nikienda kwenye mizinga na sikuwahi kuuliza. Wakikwambia imeisha uliza inapatikana wapi na ni umbali gani, halafu rudi hapa useme wamejibu nini.